Sura ya Sita: Utaandikaje Mapenzi na Huna Mtu?

Katika warsha za uandishi kuna swali ambalo watu hawaliulizi ukumbini. Hulileta wakati wa chai, pembeni, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi sina mtu. Nikiandika hadithi ya mapenzi, si nitakuwa nawadanganya watu?" Muulizaji huwa kijana aliyemaliza chuo juzi, au mama aliyefiwa na mume, au dada ambaye kila harusi ya ukoo lazima aulizwe zamu yake ni lini. Wote wana kurasa walizokwisha kuziandika na wanaona haya kuzionyesha.

Nyuma ya swali hilo ipo methali tuliyolelewa nayo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ina haki yake, na sitaipuuza. Yapo mambo ambayo asiye na mtu hayajui, na akijifanya anayajua, msomaji atamgundua kabla ya ukurasa wa tatu. Lakini mapenzi yana mambo mengi kuliko kitanda. Yana kutamani, kungoja, kuchagua, kuogopa, kutunza, kukosana na kuagana. Hakuna mtu mzima ambaye hayo yote ni mageni kwake.

Jibu langu basi ni hili: unaweza kuandika mapenzi kwa ukweli ukiwa peke yako, kwa sharti moja. Usidai umesimama mahali ambapo hujasimama. Sehemu zinazofuata zinaeleza sharti hilo linavyotekelezwa.

Waliotuandikia mapenzi walikuwa na nani?

Tuanze na pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akimuusia binti yake Mwana Hashima namna ya kuishi na mume. Mna mambo ya ndani kabisa ya nyumba humo: kumtunza mume anapolala, kumtengeneza apendeze, kumfukiza udi. Wakati anayatunga hayo, mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alikwisha kufariki mwaka 1856, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Utungo wa Kiswahili unaojulikana kuliko mingi kuhusu unyumba ni kazi ya mjane. Msomaji wa leo anaweza kubishana na nasaha zake, lakini hawezi kusema kwamba mama yule hakuyajua aliyoyasema. Shaaban Robert naye alimwandikia mkewe Amina shairi baada ya Amina kufariki. Aliyeandikiwa hakuwepo tena kulisoma, na pengo hilo ndilo lililolizaa shairi.

Utasema, hao walikwisha kuonja. Sawa. Twende Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971), alitunga mashairi mengi yaliyoimbwa na nduguye Mohamed Khamis Juma Bhalo, yule tuliyezoea kumwita Juma Bhalo tu. Waliosikiliza kanda zake usiku wakaumia moyo walikuwa wanasikia sauti ya mtu mmoja na maneno ya mwingine, na hakuna aliyeona ametapeliwa. Walimu wa fasihi wana jina la jambo hili: nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, ambayo si lazima iwe ya mtunzi mwenyewe. Nafsineni anaweza kuwa mwanamke na mtunzi mwanamume. Anaweza kuwa ameachwa, ilhali mtunzi yuko na mwenzi wake nyumbani.

Hata shuleni jambo hili tumeliona. Katika mabweni mengi alikuwepo mwanafunzi aliyewaandikia wenzake barua za mapenzi, na mara nyingi yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwandikia. Wenzake hawakumfuata kwa sababu ya uzoefu wake. Walimfuata kwa sababu alikuwa anasikiliza: alimuuliza mwenzake msichana yule ana sifa gani, walikutana wapi, alisema nini mara ya mwisho, kisha ndipo akashika kalamu.

Kwa ufupi: Kuwa na mtu na kujua kuandika mapenzi ni vitu viwili mbalimbali. Kinachomsaidia mwandishi ni usikivu.

Jane Austen na hatamu za gari

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mwingereza Jane Austen. Alizaliwa mwaka 1775, binti wa mchungaji katika kijiji cha Steventon, akafa mwaka 1817 akiwa na miaka 41 bila kuolewa. Desemba 1802 kijana mmoja mrithi wa mali, Harris Bigg-Wither, alimposa. Jane alikubali jioni, na kulipokucha akakataa. Ameacha riwaya sita zilizokamilika, na zote zinaishia kwenye ndoa. Watu bado wanazisoma na kuzitengenezea filamu. Aliwezaje?

Kwanza, alikaa ndani ya mipaka ya aliyoyaona. Mwaka 1814 mpwa wake Anna alikuwa anaandika riwaya na kumpelekea sehemu kwa sehemu. Jane alimshauri kwamba wahusika wake wakitaka kwenda Ireland waende, lakini yeye asiwafuate, maana hajui maisha ya kule. Akamwambia pia kwamba familia tatu au nne za kijijini zinamtosha mwandishi kufanyia kazi. Yeye mwenyewe aliufuata ushauri huo. Anatuongoza hadi siku ya ndoa, halafu anasimama. Maisha marefu ya mashujaa wake baada ya harusi hayasimulii.

Pili, ndoa za muda mrefu aliziandika kwa jicho la anayetazama. Katika riwaya ya Persuasion, Anne Elliot ana miaka 27 na hajaolewa. Miaka minane nyuma alishawishiwa kuvunja uchumba na mtu aliyempenda. Siku moja amechoka kutembea, na Admirali Croft na mkewe wanampakia kwenye gari lao dogo la farasi. Admirali anaendesha ovyo, gari linaelekea kwenye nguzo. Mkewe anamtahadharisha, kisha kwa utulivu anazirekebisha hatamu yeye mwenyewe. Wanapita salama. Anne anatazama, na anawaza kwamba bila shaka hivyo ndivyo wawili hao wanavyoendesha mambo yao yote.

Tazama kilichofanyika hapo. Mwandishi asiye na mume amemweka garini mhusika asiye na mume, akambananisha na mume na mke, akamwonyesha mkono mmoja unaogusa hatamu. Hakudai kujua wanayonong'onezana usiku. Hata hivyo tumeijua ndoa yao.

Tatu, aliandika upya. Mwisho wa kwanza wa Persuasion, ambapo wapenzi wanapatana, haukumridhisha. Kiangazi cha mwaka 1816 aliuweka kando akaandika mwingine. Katika mwisho huu mpya Anne anazungumza na mtu mwingine juu ya uaminifu wa wanawake, naye Kapteni Wentworth, yule mchumba wake wa zamani, ameketi meza ya karibu, anasikia, na papo hapo anamwandikia barua kwa siri. Mwisho huo wa pili ndio unaopendwa na wasomaji hadi leo. Katika wiki zile Jane hakupata mchumba. Alichopata ni njia ya kweli zaidi ya kuwafanya watu wawili wenye haya wafunguke.

Unachokijua tayari

Kabla hujasema hujui mapenzi, chukua kalamu uorodheshe unayoyajua. Asiye na mtu ana akiba kubwa ya mambo, na mengine anayajua vizuri kuliko walio kwenye ndoa, maana wao wamekwisha kuyasahau.

- Kutamani. Unajua kusoma ujumbe mfupi mara nyingi ukitafuta maana ambayo haimo. Unajua kupita njia ndefu ili upite mbele ya duka fulani.
- Kungoja. Unajua mtu anavyoisikia kila pikipiki inayopunguza mwendo nje ya geti.
- Kukataliwa, na kukataa. La pili ni gumu kuliandika, kwa hiyo liandike. Mtu mwema alikutaka, nawe hukuweza kumpenda. Ulijisikiaje uliposhusha macho?
- Kutunza. Umemuuguza mzazi. Unajua usingizi wa mtu anayesikiliza pumzi za mwingine hadi alfajiri. Mapenzi ya mke na mume yana usingizi huohuo.
- Kuagana. Umewahi kukaa stendi hadi basi likakunja kona.
- Upweke wenyewe. Sahani moja, kikombe kimoja, chumvi ya kukadiria chungu kidogo. Na upande wake mzuri pia: uhuru wa kuamua bila kumngoja mtu, utulivu wa Jumapili.

Hili la mwisho waandishi wengi wanaliogopa, kana kwamba wakikiri utulivu wao watakuwa wameyasaliti mapenzi. Mtu anaweza kuridhika na maisha yake na bado akatamani mwenzi. Ukiyaandika yote mawili pamoja, msomaji atakuamini.

Kutazama kwa karibu

Mtaani nilikokuwa nakaa zamani palikuwa na fundi cherehani mzee, kazi yake akiifanyia barazani. Mkewe alikuwa anapindia nguo kwa mkono, mikunjo ya chini ya magauni na mabuibui, lakini macho yalikuwa yameshaanza kumsaliti. Kila jioni, kabla hajaenda msikitini kwa sala ya isha, mzee aliweka mkasi chini, akatoa sindano kadhaa, akazitunga uzi moja baada ya moja: nyeusi, nyeupe, nyeusi, ya samawati. Akazichomeka kwenye kipande cha sponji na kukisogeza karibu na goti la mkewe. Wakati wote huo mama alikuwa anamlalamikia juu ya mteja asiyelipa. Mzee hakuinua kichwa. Akimaliza, alivaa kofia akaondoka. Mama alishika sindano ya kwanza pasipo kuangalia, akaendelea kushona na kulalamika na baraza tupu.

Sikuwahi kumsikia mmoja wao akimwita mwenzake kwa jina tamu. Ningetegemea maneno, nisingeandika kitu. Mapenzi yao yalikuwa kwenye hesabu ya rangi za nyuzi: mzee alijua kazi ya usiku ule itataka nyeusi ngapi.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu watazame mikono kabla ya kusikiliza midomo. Kwenye daladala, kwenye foleni ya hospitali, sokoni, tazama nani anabeba nini, nani anampisha nani, nani anajua mwenzake hali pilipili. Andika ulichokiona tu. Tafsiri uiache kwanza.

Kwa ufupi: Tendo dogo lenye mazoea ndani yake linaeleza penzi la miaka mingi vizuri kuliko tamko kubwa. Na tendo linaonekana hata na asiye na mtu.

Usichokijua, na namna ya kukiheshimu

Sasa turudi kwenye kunguni wa kitanda. Yapo mambo yanayojulikana kwa kuishi nayo tu: mwaka wa kumi wa ndoa, ukimya baada ya kufiwa na mtoto, kumsamehe mtu ambaye kesho utamwamkia tena. Ukiyahitaji kwenye hadithi yako, una njia tatu za halali.

Njia ya kwanza ni kumchagua msimulizi aliye upande wako wa mlango. Msimulizi ni yule anayetupa habari ndani ya hadithi. Anaweza kuwa mtoto anayesikia sauti za wazazi chumba cha pili, mpangaji, dada wa kazi, mdogo wa bibi harusi. Akiona nusu, aseme nusu. Msomaji ataijazia nusu ya pili kwa maisha yake.

Njia ya pili ni kuuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zipo tele kwenye ukoo wako: shangazi, mama mdogo, jirani mtalaka, babu. Usiwaulize mapenzi ni nini, maana watakupa mahubiri. Waulize vitu vinavyoshikika:

1. Mkigombana, nani huwa wa kwanza kusema, na husema nini?
2. Kuna jambo gani la mwenzako lililokukera mwanzoni na siku hizi hulisikii tena?
3. Pesa za nyumba hukaa wapi, na nani anajua ni kiasi gani?
4. Siku aliyosafiri kwa muda mrefu, ulifanya nini usiku wa kwanza?

Kisha linda ulichopewa. Mtu akikufungulia moyo jikoni kwake, hajakupa ruhusa ya kuuanika gazetini. Omba idhini. Badilisha mji, kazi, idadi ya watoto, mpaka mwenyewe akisoma ajue umemheshimu na majirani wasijue kitu.

Njia ya tatu ni kunyamaza mahali panapostahili. Mlango ukifungwa, uache umefungwa. Waandishi wachanga hudhani lazima waingie chumbani ili waonekane wanajua. Ukurasa unaoishia kwenye ndala mbili za jozi tofauti mlangoni unatosha, ikiwa kurasa zilizotangulia zimefanya kazi yake.

Maneno ya kuazima

Hatari kubwa kwa mwandishi asiye na mtu ni haraka ya kuziba pengo kwa maneno ya watu. Akikosa la kwake anachota kwenye nyimbo, tamthilia na kadi: laazizi, asali wa moyo, ua la waridi, moto wa mahaba. Maneno haya hayana kosa. Wengine wanaambiana kila siku na wanamaanisha. Kosa ni kuyatumia kufunika mahali ambapo hukutazama. Linganisha rasimu hizi mbili za tukio moja.

Rasimu ya kwanza: Zuhura alimpenda Idi kupita kiasi. Usiku ule hakupata lepe la usingizi, moyo wake ukiwaka moto wa mahaba.

Rasimu ya pili: Zuhura aliiweka simu kifudifudi juu ya mkeka. Akaigeuza. Tiki zilikuwa mbili, bado za kijivu. Akaiweka tena kifudifudi, akaenda kuosha sufuria ambalo alikwisha kuliosha.

Rasimu ya pili haina neno penzi, na mwandishi wake hakuhitaji kuwa na mchumba. Alihitaji kukumbuka mikono ya mtu anayengoja jibu inafanya nini. Ya kwanza ingeweza kuandikwa na yeyote juu ya yeyote. Ukisoma kazi yako, pigia mstari kila sentensi ambayo ungeweza kuihamishia kwenye hadithi nyingine bila kubadilisha kitu. Hizo ndizo za kuandika upya.

Ukiandika kwa jina lako

Hadithi ina wahusika wa kukusitiri. Insha na makala hazina. Ukisema "mimi" kwenye makala, msomaji anakuchukua kwa neno lako, kwa hiyo usimzulie mpenzi asiyekuwepo wala usiikuze salamu ya mtu kuwa uchumba. Sema wazi: sijaoa, sijaolewa, tuliachana, nimefiwa. Halafu endelea na hoja yako. Kuna nguvu katika kuandika juu ya ndoa na kusema tangu mwanzo kwamba unaitazama kutoka nje, kwa sababu msomaji anajua akupime kwa kipimo kipi.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kujitetea. Tunaishi kwenye jamii inayouliza "pilau lako tutakula lini?" hata msibani, na maumivu ya swali hilo yanaweza kuigeuza kila insha kuwa majibu kwa shangazi. Mwandikie msomaji. La pili ni kisasi. Aliyekuacha hana ukurasa wa kujibu. Muandike kwa namna ambayo hata mtu anayempenda yeye angesema, ndiyo, ndivyo alivyo. Ukishindwa kufika hapo, jeraha bado bichi. Andika, lakini weka kabatini uliyoyaandika, uyasome tena jeraha likishapoa.

Mazoezi ya sura hii

- Chagua mume na mke unaowaona mara kwa mara. Kwa wiki moja andika matendo yao tu. Neno "penda" ni marufuku.
- Andika ukurasa mmoja wa harusi kwa jicho la mtu aliyekuja peke yake: ameketishwa wapi, anaongea na nani, anaondoka saa ngapi, na nini kilimfurahisha kwa dhati.
- Chukua kipande chako cha zamani. Kwenye kila aya andika pembeni: nimeliishi, nimeliona, nimeambiwa, au nimeazima. Aya za "nimeazima" ziandike upya au uzifute.

Zoezi la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Lifanye kwa kila kazi kabla haijatoka mkononi mwako, kwa sababu ya wale watakaoisoma. Wengi wanaofungua hadithi ya mapenzi usiku wako peke yao saa ile: wanangoja, wameachwa, wamefiwa, au wamelala karibu na mtu na bado ni wapweke. Hao wanautambua uongo haraka, na hawahitaji mtaalamu wa mapenzi awafundishe. Wanahitaji mtu aliyesimama walipo wao, atazame vizuri, aseme alichokiona. Wewe usiye na mtu umeshasimama hapo. Anza kuandika.